Siku Yetu Kwenye Ngazi Nyeupe za Sisilia

Kusini mwa Italia kuna mwamba mweupe unaoshuka baharini ngazi kwa ngazi. Familia yetu ilikwenda kuutazama, ikarudi na mengi ya kuzungumza mezani.

Ukisikia neno "pwani", ndugu msomaji, unawaza nini? Sisi tuliokulia karibu na Bahari ya Hindi huwaza minazi, ngalawa, na maji yanayokupwa hadi watoto wanaokota kombe mbali na ufuo. Pwani ya kusini ya kisiwa cha Sisilia ni ya namna nyingine kabisa. Minazi hakuna; kuna mizeituni, milozi na madungusi kakati yenye matunda mekundu. Maji nayo hupanda na kushuka kidogo sana, kwa kuwa Bahari ya Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Na mahali pamoja, karibu na mji mdogo wa Realmonte katika mkoa wa Agrigento, pametokeza mwamba mweupe pe, umelala kati ya fuo mbili za mchanga, umepindapinda na kukatwa vidaraja virefu vinavyoteremka mpaka majini.

Mwamba huo unaitwa Scala dei Turchi, yaani Ngazi ya Waturuki. Ukiuona kwa mbali saa sita mchana, macho yanauma kwa weupe wake. Jua likianza kushuka, unageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, kisha rangi ya waridi.

Tulikuwa watu sita: baba na mama, watoto wetu watatu, na shangazi yao ambaye anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani katika mji wa Palermo. Kijana wetu wa kwanza ana miaka kumi na mitano, binti wa kati kumi na mmoja, na kitinda mimba ana sita. Shangazi yao alikuwa hajaonana nasi kwa miaka saba. Alipoondoka nyumbani, huyu mdogo alikuwa hajazaliwa. Basi kusudi la safari lilikuwa kumwona ndugu yetu. Mwamba ulikuwa zawadi yake kwa watoto. Alituandikia mapema: "Wifi, nina siku mbili tu za mapumziko. Moja tutakwenda kanisani na kukaa nyumbani tuongee. Ya pili nitawapeleka mahali ambapo hamtapasahau."

Safari haikuwa ya kitajiri. Tulidunduliza miaka mitatu, tukaahirisha kupaka nyumba rangi, na tulilala sote katika vyumba viwili vya shangazi, watoto wakitandikiwa chini. Tunayasema haya ili mama anayesoma ukurasa huu asidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa jamii fulani tu.

MWAMBA ULIVYOTOKEA

Kutoka Palermo hadi Agrigento ni kama kilomita 130, na treni huchukua muda wa saa mbili hivi, ikivuka kisiwa katikati kupitia mashamba ya ngano na vilima vikavu. Njiani binti yetu aliuliza swali ambalo kila mzazi angeulizwa: "Kwa nini mwamba ni mweupe?"

Wataalamu wa miamba wanaeleza hivi. Zaidi ya miaka milioni tano iliyopita, mlango wa bahari ulio karibu na Gibraltar ulizibika, na Bahari ya Mediterania ikakaukia kwa sehemu kubwa, ikaacha chumvi nyingi sana chini. Baadaye maji ya Atlantiki yaliingia tena. Katika bahari hiyo mpya waliishi viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, wenye maganda ya chokaa. Walipokufa, maganda yao yalizama taratibu, yakachanganyika na udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo zikawa mwamba laini ambao Waitalia huuita marna. Kisha ardhi ikainuka, na mwamba uliokuwa chini ya bahari ukajikuta juani.

Mbona basi una ngazi? Kwa sababu tabaka zake hazilingani. Nyingine zina chokaa zaidi na ni ngumu. Nyingine zina udongo zaidi na ni laini. Upepo, mvua na mawimbi hula zile laini upesi na kuziacha zile ngumu zimetokeza. Hakuna fundi aliyezichonga. Tabaka za pwani hii zimepangika vizuri hivi kwamba wataalamu wa dunia nzima huzitumia kama kalenda. Mwanzo wa kipindi kimoja cha historia ya dunia, miaka milioni 5.33 iliyopita, hupimwa kwa tabaka za Eraclea Minoa, magharibi kidogo ya hapo.

Ile chumvi iliyobaki bahari ilipokauka nayo ipo hadi leo. Chini ya ardhi ya Realmonte kuna mgodi wa chumvi, na ndani yake wachimbaji wamechonga ukumbi wa ibada katika chumvi yenyewe, ukiwa na sanamu za ukutani, mojawapo ya Mtakatifu Barbara ambaye wachimbaji wengi wa Ulaya humhesabu mlinzi wao. Sisi hatukuingia, maana wageni hupokewa kwa kupanga mapema. Lakini kitinda mimba wetu aliposikia kuna kanisa la chumvi, aliuliza kama watu wanaruhusiwa kulilamba.

JINA LA WATURUKI

Wenyeji husimulia kwamba zamani wanyang'anyi wa baharini walitia nanga hapo, mahali ambapo mwamba unakinga upepo, wakapanda ngazi hizo na kuvamia vijiji. Watu wa pwani waliwaita Waturuki wote hao, hata kama wengi walitoka Afrika Kaskazini na si Uturuki.

Lakini uhusiano wa kisiwa hiki na Waarabu haukuwa wa unyang'anyi tu. Majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Sisilia mwaka 827, yakauteka Palermo mwaka 831, na utawala wao mjini humo ukadumu mpaka Wanormani walipouchukua mwaka 1072. Walileta kilimo cha kumwagilia na kustawisha miti ya jamii ya michungwa. Shangazi aliwafundisha watoto kuagiza dukani, na binti yetu akatambua kwamba zucchero ya Waitalia na sukari yetu ni neno moja lililosafiri njia mbili kutoka kwa Waarabu. Mjini Palermo tulikula pia panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate. Mtu yeyote aliyezoea bhajia hatahisi ugeni.

UZIO, NA SWALI LA KIJANA WETU

Sasa tuje kwenye jambo lililotusumbua siku ile.

Kwa miaka mingi watu walitembea juu ya mwamba, wakalala juani, wakaruka majini kutoka ukingoni. Mwamba laini hauvumilii hayo. Nyayo huukwangua, na wageni wengine huufikicha kwa kucha ili wajipake ule unga mweupe mwilini. Juu ya hayo, genge lenyewe humeguka. Mwezi Februari 2020 ofisi ya mwendesha mashtaka ya Agrigento iliamuru eneo lifungwe kwa sababu ya hatari ya maporomoko. Mwezi Januari 2022 kukatokea jambo la aibu: usiku mmoja watu waliumwagia mwamba unga mwekundu wa madini ya chuma. Kesho yake wenyeji, wakiwemo watu wa kujitolea, waliteremka na ndoo na mabrashi kuuosha.

Sisi tulipofika tulikuta uzio na vibao vya kukataza. Njia ya halali ilikuwa kuutazama kutoka juu, kando ya barabara, au kutoka ufuoni kwenye mchanga. Lakini palikuwa na vijana kama kumi waliouzunguka uzio kwa kupita majini, wamekaa juu kabisa wakipiga picha.

Kijana wetu aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Baba, mbona wale wamepanda na hakuna anayewafukuza? Tumesafiri kilomita zote hizi tuje kutazama kwa mbali?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tulikuwa tumelipa nauli kubwa kuliko zote tulizowahi kulipa, na hatuna uhakika wa kurudi tena. Hata shangazi yao aliinamisha kichwa, maana yeye ndiye aliyetaka kuwafurahisha. Ilikuwa rahisi kusema, "Nendeni upesi, mkapige picha moja mrudi."

Baba yao alimjibu hivi: "Kibao hakikuwekwa kwa ajili ya askari. Kimewekwa kwa ajili ya jiwe. Jiwe halijui kama umetoka karibu au mbali. Tumekuja na watoto watatu, na tunataka kurudi nyumbani na watoto watatu."

Kijana alinyamaza, uso umekunjamana. Hatukumlazimisha acheke. Tulimchukua shangazi na wadogo tukatembea mchangani, tukikaa mbali na kuta za genge. Baada ya robo saa tulimwona anatufuata polepole. Alikuwa amefika mahali ambapo mabonge meupe, mengine makubwa kama meza ya kulia, yamelala mchangani chini ya ukuta, na juu yake palikuwa na kovu jipya lenye rangi tofauti na mahali pengine. Hakusema neno. Alikuja akambeba mdogo wake mgongoni, na siku nzima iliyobaki yeye ndiye aliyekuwa akimwambia, "Usikae hapo, sogea huku."

Tumejiuliza mara nyingi tangu hapo kama kuna njia bora ya kuwafundisha vijana kutii katazo pale ambapo wengine hawalitii na hawapati adhabu. Tunaloamini ni hili: mtoto wa umri ule hahitaji kelele, anahitaji sababu ya kweli na wazazi wawili wenye neno moja. Kama mmoja wetu angelegea, mjadala ungekwisha palepale.

Binti naye alikuwa ameokota kijiwe cheupe akitaka kwenda nacho nyumbani kwa bibi yake. Tulimwuliza, "Kila mgeni akichukua kimoja, itakuwaje?" Alikiweka chini, akachora mwamba kwenye daftari lake. Mchoro huo ndio uliofika kwa bibi, na sasa umebandikwa ukutani juu ya redio.

MAMBO YA AFYA UFUONI

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi hatuwezi kwenda ufuoni bila mkoba wa dawa. Haya hapa mambo yatakayowafaa akina mama, iwe ni Sisilia au pwani yoyote.

Jua. Wengine hudhani ngozi nyeusi haiungui. Huungua, ingawa si upesi kama ngozi nyeupe. Penye mwamba mweupe, mchanga na maji, mwanga hukupiga kutoka juu na kutoka chini pia, hivyo hata aliye chini ya mwavuli hapati kinga kamili. Vaeni kofia pana na mashati mepesi ya mikono mirefu, pakeni mafuta ya kukinga jua na kuyarudia kila baada ya saa mbili na baada ya kuogelea. Sisi tulikaa kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana.

Joto. Sisilia si mahali pa mchezo wakati wa kiangazi. Tarehe 11 Agosti 2021 kituo kilicho karibu na Siracusa kilipima nyuzi 48.8 za Selsiasi, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyothibitishwa barani Ulaya. Mtoto akilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mpepeeni na mnywesheni maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni hali ya kuua: mmwagieni maji ya baridi na kuita msaada mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Kwa anayeharisha au kutapika, tulibeba pakiti za maji ya chumvi na sukari. Kama hamna pakiti, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu.

Maji. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Hutoweka kimya kimya katika dakika moja au mbili. Mahali penye watu wazima wengi ndipo kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Kwa hiyo sisi tulifanya kama wodini: tulipeana zamu za nusu saa. Mwenye zamu hasomi, hapiki, hashiki simu. Anayeondoka hutaja kila mtoto yuko wapi, na anayeingia hujibu, "Nimepokea." Shangazi alicheka mwanzoni, lakini zamu yake ilipofika aliifuata kikamilifu. Na bendera nyekundu ikipandishwa, hakuna kuingia majini, hata kama bahari inaonekana tulivu.

Yavuyavu. Bahari ya Mediterania ina yavuyavu mdogo wa rangi ya zambarau ambaye huchoma sana. Mtoto akichomwa, mwosheni kwa maji ya bahari, si ya bomba. Msimsugue kwa mchanga wala taulo. Ondoeni nyuzi zilizobaki kwa ukingo wa kadi ngumu, kisha mpeni dawa ya maumivu inayolingana na umri wake. Akivimba uso au kupumua kwa shida, pigeni namba 112, ambayo hutumika kwa dharura kote Italia.

Siku yetu ilipita bila hata mmoja kufunguliwa ule mkoba wa dawa, na hiyo ndiyo sifa bora ya mkoba wa dawa.

HEKALU LILILOGEUKA KANISA

Mtu aliyefika Realmonte asirudi bila kuona Bonde la Mahekalu huko Agrigento, kama kilomita 15 kutoka kwenye mwamba. Wagiriki waliujenga mji wao wa Akragas hapo karibu mwaka 580 kabla ya Kristo. Magofu yake yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mwaka 2025 Agrigento ulikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Italia.

Kati ya mahekalu hayo, moja limesimama karibu lote, na nguzo zake 34: lile liitwalo Hekalu la Concordia, lililojengwa katika karne ya tano kabla ya Kristo. Limepona kwa sababu gani wakati wenzake wameanguka? Mwishoni mwa karne ya sita baada ya Kristo lilifanywa kanisa la Mitume Petro na Paulo. Waumini walijaza kuta kati ya nguzo na kutoboa matao katika kuta za ndani, na jengo likaimarika, likatunzwa. Matao hayo bado yanaonekana.

Binti yetu alitaka kujua kama Mtume Paulo alifika hapo. Tulimfungulia Matendo ya Mitume, sura ya 28, ambapo inasimuliwa kwamba baada ya kuvunjikiwa meli na kukaa Malta, Paulo alipita Sirakusa akakaa siku tatu kabla ya kuelekea Roma. Sirakusa hiyo ni mji wa Siracusa wa leo, upande wa mashariki wa kisiwa hikihiki. Watoto walinyamaza kidogo. Tangu utotoni walikuwa wakilisikia jina hilo likisomwa kanisani, na sasa waliliona kwenye ramani ya treni, na nauli yake imeandikwa pembeni.

BANDARI YA PORTO EMPEDOCLE

Jioni, tukisubiri basi, tulipita Porto Empedocle, bandari iliyo jirani na mwamba. Ni mji aliozaliwa mwandishi Andrea Camilleri mwaka 1925, ambaye hadithi zake za mpelelezi Montalbano zilimpatia sifa duniani, na si mbali na hapo alizaliwa Luigi Pirandello, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 1934. Lakini shangazi alitusimamisha gatini kwa sababu nyingine.

Kutoka hapo huondoka meli ya kwenda Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisilia. Tarehe 3 Oktoba 2013 chombo kilichojaa wakimbizi kiliwaka moto na kupinduka karibu kabisa na Lampedusa. Waliokufa walikuwa 368, wengi wao Waeritrea. Waliookolewa ni 155. Majeneza mengi yaliletwa kwa meli hadi Porto Empedocle, yakagawanywa katika makaburi ya miji mbalimbali ya Sisilia. Mengi yaliandikwa namba tu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutaja majina. Tangu mwaka 2016 Italia imeiweka Oktoba 3 kuwa siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa wakihama.

Hatukujua kama ni vema kuwaeleza watoto habari hizo siku ya furaha. Shangazi alisema, "Wifi, maji waliyoogelea leo ni yaleyale. Wajue." Basi aliwasimulia kwa ufupi na kwa upole, bila mambo ya kutisha. Aliwaambia pia kwamba yeye alikuja kwa ndege na karatasi zake mkononi, na kwamba si kila mtu hupata karatasi. Mdogo aliuliza, "Mama zao wanajua walipozikwa?" Shangazi alisema baadhi wanajua na wengine hawajui. Tulisimama hapo kwa dakika chache, tukaomba kwa ajili ya akina mama hao, kisha basi likaja.

KAMA MNATAKA KWENDA

Kwa wale walio na ndugu huko au wanaopanga safari, haya ndiyo tuliyojifunza.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Bahari ina joto la kutosha kuanzia Juni, na hamtasongamana kama mwezi wa Agosti, ambapo Waitalia wenyewe wako likizoni.

Ombeni viza mapema. Maombi ya Schengen hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Mwenye miaka 12 huhesabiwa kama mtu mzima, kwa hiyo familia yenye watoto wakubwa ipige hesabu vizuri. Bima ya matibabu inayotakiwa isipungue euro 30,000.

Kabla ya kwenda mwambani, ulizeni manispaa ya Realmonte kuhusu utaratibu uliopo, maana hubadilika. Msitegemee picha za marafiki wanaoonekana wamekaa juu yake. Huenda zilipigwa kabla ya 2020, au zilipigwa na watu wa aina ya wale tuliowakuta.

Bebeni maji ya kutosha, kofia, viatu vya kufunga na chakula. Sisi tulikwenda na mikate, mayai ya kuchemsha, machungwa na chupa kubwa ya chai. Njia ya kuteremkia ufuoni ina ngazi na mawe, hivyo mzee mwenye magoti mabovu atafurahia zaidi kutazama kutoka juu, ambako mandhari kwa kweli ni nzuri kuliko chini.

Zawadi mtakazobeba ziwe lozi, mafuta ya zeituni au chumvi. Mwamba muuache.

Na kwa msomaji ambaye safari ya namna hii haipo katika bajeti yake, usidhani makala hii si yako. Wapo watoto wanaoishi mwendo wa saa moja tu kutoka ziwani, mlimani au baharini, na hawajawahi kufika hapo pamoja na baba na mama wote wawili kwa siku nzima. Chagueni siku. Ulizeni wenyeji mahali pale palitokeaje na pana hatari gani. Pangeni zamu za kuwaangalia wadogo. Na watoto wakiuliza maswali magumu, wajibuni kweli, kwa kadiri ya umri wao. Hayo hayahitaji viza.